Nesi wa Meno na Safu ya Penseli

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina cheti cha kidato cha nne, kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliopinda, na ukumbi ambao najua upepo wake unaingia saa ngapi na unatokea dirisha gani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba siku tukihama, mimi nitabebwa pamoja na milango. Kwa hiyo ukiniuliza nimekutana na watu gani wa kukumbukwa, orodha haitakuchosha. Wengi hawakupita mtaani kwetu, na mimi sikuwafuata.

Nesi wa Meno alipita. Alikuja shuleni kwetu Kariakoo mara mbili kwa mwaka, na mpaka leo, mswaki ukiwa mdomoni asubuhi, namsikia nyuma ya sikio: "Nyuma huko, nyuma. Mbele kila mtu anapaona. Mbele panajitetea penyewe."

Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibati kifuani, lakini hakuna aliyelitumia. Walimu walimwita Sista, sisi tulimwita Nesi wa Meno, na akina mama wa sokoni waliokuwa wakimwendea na mashavu yaliyovimba walimwita "yule mama", kwa sauti ya chini, kama unavyomtaja mtu uliyemlilia mbele yake. Alitoka kaskazini, upande wa Mlima Kilimanjaro. Hilo nalijua kwa sababu kila jasho lilipomtoka alisema "kule kwetu kwenye baridi", na Kariakoo jasho lilimtoka kutwa. Zaidi ya hapo sijui. Baba yake nani, mama yake nani, sikuuliza, na naye hakuwa mtu wa maswali hayo. "Mimi siulizi ukoo," alikuwa akisema. "Nauliza kifungua kinywa."

Jambo la kwanza alilolijua kila mtoto kuhusu Nesi wa Meno ni kwamba meno yake mwenyewe yalikuwa ya kahawia. Sisemi manjano ya uzembe, hayo tulikuwa nayo ya kutosha sisi. Kahawia, yenye michirizi, kama sahani ya bati iliyoanza kushika kutu. Siku ya kwanza aliposimama darasani kutufundisha usafi wa kinywa, alifungua kinywa na darasa zima likatazamana. Kutoka dawati la nyuma sauti ikanong'ona, "Kinyozi mwenyewe ana chawa."

Alisikia. Akachukua kijiko cha chai cha mwalimu wetu, akajigonga jino la mbele. Ka, ka, ka. Ukadhani anagonga kikombe cha udongo.

"Limeoza hili?"

"Hapana, Nesi."

"Maji ya kule kwetu yana madini. Nimeyanywa tangu mdogo, yakanipaka rangi. Rangi ni rangi, tundu ni tundu. Mimi tundu sina hata moja. Haya, wewe wa chawa, njoo na meno yako meupe tuyaone."

Wa chawa akaenda. Alikuwa na matundu matatu. Akarudi kwenye dawati lake, na kwa wiki nzima alicheka akiwa amefunga mdomo.

Meno yale ya kutu yalikuwa na nguvu za kutisha. Siku moja mwalimu mkuu aliletewa soda na kifungulio hakikuonekana. Nesi akaichukua chupa, akaiweka pembeni mwa mdomo, kizibo kikatoka na kudondoka sakafuni. Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tumejazana dirishani. "Mkinifuata katika hili, mtakuja kwangu mkilia. Na mimi nitakuwa sina huruma."

Ndivyo alivyokuwa. Alikataza kitu, kisha akakifanya mbele yako, kisha akakukataza tena kwa ukali uleule. Adui wa sukari, lakini chai yake ilikuwa na vijiko vinne, vya kujaa. Nilimwuliza siku moja, maana mdomo wangu haukuwahi kujua kukaa nyumbani kama mwenyewe anavyojua.

"Nesi, mbona wewe unakula sukari?"

"Nimekula. Umeniona nakula tena?"

Ni kweli. Alikunywa chai ile kwa mkupuo, akasukutua maji, akatema kwenye mfereji, na mpaka jioni hakugusa kitu kitamu. "Sukari ni kama mgeni," akasema. "Akija mara moja kwa siku, meno yanampokea. Akishinda kutwa anaingia anatoka, nyumba inaharibika." Halafu akaniambia nirudi darasani, maana maswali yangu yalikuwa mengi kuliko meno yangu.

Namna yake ya kufanya kazi nayo haikuwa ya mtu mwingine yeyote. Hakuwa na taa. Alikuwa na jua. Asubuhi aliweka kiti mlangoni mwa darasa kikitazama nje, mtoto anakaa, anafungua mdomo kuelekea mashariki, naye anainama na kioo chake kidogo chenye mkono mrefu na kijichuma chenye ncha iliyopinda. Vyombo vyake alivichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa la mama mpishi wa shule, akisimamia mwenyewe, na mama mpishi alikatazwa kuugusa mfuniko hata kama maji yanafurika. Saa nne jua likipanda juu ya paa, kazi imekwisha. "Taa yangu imezimika," anasema, anafunga mkoba. Penseli aliihifadhi kwenye nywele, chini ya kikofia cheupe, na ukitazama vizuri ungeona mahali kikofia kilipoinuliwa nayo.

Penseli hiyo ndiyo habari yenyewe.

Fomu alizokuwa akijaza zilikuwa za zamani, zimechapwa kwa mashine, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Hakuna aliyejua nani alizitunga. Zilikuwa na safu tatu: Jina, Asili, Meno Mabovu. Kwenye Asili aliandika Mwafrika, Mwarabu, Mhindi. Nesi alijaza kama alivyotakiwa, kwa wino. Lakini pembeni, palipobaki peupe, alipiga mstari kwa rula na kuongeza safu yake mwenyewe: Amekula Nini. Hiyo aliijaza kwa penseli.

Sisi watoto safu ya Asili tulikuwa nayo kichwani, hatukuhitaji fomu. Kila mtu mtaani alijua kwamba watoto wa akina Mangi, wenye maduka waliotoka Kilimanjaro, wana meno yaliyoungua. Kila mtu alijua kwamba watoto wa akina Ami, Waarabu wetu wa madukani, wana meno mabovu kwa sababu ya damu. Na kila mtu, yaani sisi wenyewe, alijua kwamba meno ya Mswahili ni chuma. Mimi nilikuwa mhubiri mkubwa wa habari hiyo. Sikuwa na viatu, nikajisifia nilichokuwa nacho.

Darasa la nne nilikaa dawati moja na Nasra. Baba yake alikuwa na duka la halua na visheti mtaa wa pili kutoka shuleni. Tulimwita Ami, kama tulivyowaita wenzake wote, lakini huyu ndiye aliyekuwa Ami hasa, mnene, mpole, mwenye meno sita. Nasra akitoka shule alikaa nyuma ya kaunta, na mkono wake, alivyoniambia mwenyewe, ulikuwa unatembea wenyewe mpaka kwenye sinia. Alikuja darasani shavu limevimba, mtandio umefungwa kuanzia kidevuni. Watoto walimwita Gego. Mimi pia nilimwita Gego, kisha nikamwomba anisaidie hesabu, na alinisaidia.

Siku ya ukaguzi Nasra alitangulia. Nesi akahesabu: matundu manne, yote kwenye magego.

"Umekula nini leo?"

"Chai, mkate, halua."

Foleni nzima ikavuta pumzi. Halua asubuhi. Halafu zamu yangu.

Niseme ukweli wa nyumbani kwetu. Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa uji wa chumvi. Kila asubuhi nilikunywa uji wa chumvi. Mama yangu alikaanga mihogo pembeni mwa barabara, na vipande vilivyovunjika ndivyo vilivyokuwa chakula changu cha mchana. Sukari kwetu ilikuwa kitu cha Idi. Lakini Nasra alikuwa amesimama pale pale anafunga mtandio wake, na foleni ilikuwa inasikiliza.

"Chai ya maziwa," nikasema. "Mkate na siagi. Halua. Na soda."

"Soda asubuhi?"

"Kila siku."

"Ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Toa ulimi."

Nikautoa. Akauangalia kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa ameyaangalia meno. Kisha akavuta penseli kutoka kwenye nywele, akaandika yote, neno kwa neno, mpaka ile rangi. Kwenye Meno Mabovu akaandika sifuri. Nikarudi kwenye dawati langu nikitembea kama mtoto wa mwenye duka.

Wiki ile ile Nesi alienda dukani kwa Ami. Nasra alikuwa amejificha chini ya kaunta, na mazungumzo yale aliniletea kesho yake akiwa ameyashika kama shairi. Nesi alisubiri wateja waishe, akamwambia Ami kwamba magego manne ya binti yake yametoboka, lakini bado yanazibika, na hakuna haja ya kung'oa.

"Sista, usijisumbue," Ami akasema. "Sisi ni damu. Mimi hapa nimebakiwa na sita. Mama yangu amekwenda kaburini hana hata moja."

"Mama yako alikuwa akiuza nini, Ami?"

"Halua."

"Na baba yake?"

"Halua."

"Basi mmerithi duka. Damu sijaiona, ninaona sinia."

Ami alicheka, kwa mujibu wa Nasra, mpaka akashika mzani. Akakubali mtoto akazibwe, na sinia ihamishwe mbali na mkono wake. Nilipoisikia habari ile nilifurahi, halafu nikaisahau. Nilikuwa na shughuli nyingi za kusimulia soda yangu.

Wiki mbili baadaye ulikuwa mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu wetu alipenda kusoma matokeo hadharani kuliko alivyopenda kula. Alisoma matokeo ya mtihani, ya usafi, ya mbio za magunia. Siku ile alisoma matokeo ya meno. Alizishika fomu za Nesi mkononi, wazazi wamekaa kwenye madawati yetu uwanjani, sisi tumesimama pembeni, Nesi ameketi na walimu.

"Wenye asili ya Kiarabu," akasoma, "wengi wana matundu. Waafrika, wachache. Wazazi, haya ni mambo ya damu."

Nesi akainua mkono. "Mwalimu, kuna safu ya penseli."

"Nimeiona, Sista. Na ndiyo inayonithibitishia." Akapekua. "Huyu hapa, Shomari. Mwafrika. Amekula chai ya maziwa, siagi, halua na soda nyekundu, kila siku. Meno mabovu, sifuri. Na huyu Nasra amekula halua, magego manne. Chakula kilekile, damu mbalimbali. Sasa sukari imeingiaje hapo?"

Wazazi wakaguna kwa kuridhika, kama watu waliosomewa walichokijua. Nesi wa Meno akasimama. Nilimwona. Alifungua mdomo, yale meno yote ya kahawia yakaonekana. Akanitazama mimi. Akamtazama mama yangu, aliyekuwa amekaa dawati la mbele. Kisha akafunga mdomo na kukaa chini.

"Na tangu lini," mzazi mmoja akasema nyuma, akidhani anasema chini chini, "mwenye meno ya kutu akatufundisha meno?" Watu wakacheka. Nesi alishika mkoba wake mapajani mpaka mkutano ukaisha, akakusanya fomu zake na kuondoka.

Njiani kurudi nyumbani nilisubiri kofi. Halikuja. Mama alitembea mbele yangu mpaka karibu na kwetu, akasimama.

"Soda nyekundu," akasema.

Nikaanza kuchora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Uji wangu una kasoro gani, Shomari?"

Akaingia ndani bila kungoja jibu.

Kesho yake, Ijumaa, Nasra alikaa kwenye dawati hakufungua hata daftari.

"Baba kasema kesho yang'olewe yote manne," akaniambia. "Kasema kama mwalimu mkuu mwenyewe amesoma kwamba ni damu, kuziba ni kazi bure. Yatatoboka tena tu."

"Yataota mengine," nikamwambia, mimi mtaalamu.

"Haya hayaoti tena. Nesi alinieleza. Haya ndiyo ya mwisho." Akajishika shavu. "Nitakuwa kama baba, na nina miaka kumi."

Sikulala vizuri, lakini hilo si la kujisifia, maana mtu mwenye aibu hata akilala hapumziki. Jumamosi asubuhi nilimwambia mama naenda kucheza, nikaenda zahanati ya mtaa, alipofanya kazi Nesi siku nyingine zote. Chumba cha Nesi kilikuwa mwisho wa korido. Ami na Nasra walikuwa kwenye benchi. Ndani, sufuria ya maji ilikuwa juu ya jiko, na koleo limelala kwenye kitambaa cheupe likisubiri maji.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Unaumwa na wewe?"

"Hapana, Ami. Mimi sikula halua."

Ami akamtazama Nasra, kisha akanitazama. "Sijakuuliza."

"Siku ile ya fomu. Sikula halua. Nilikula uji."

"Wa sukari?"

"Wa chumvi."

"Na ile soda?"

"Sijawahi kunywa soda nzima, Ami."

"Hata Idi?"

"Idi tunagawana moja watu sita."

Nesi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, hasaidii. Ami alifikiri kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa duka, na mtu wa duka akiambiwa jiwe la mzani halikuwa sahihi, hapimi tena kwa jiwe hilo. Mwishowe akauliza polepole, "Kwa hiyo wewe hujui hata halua yangu ina ladha gani?"

"Nimeinusa," nikasema. "Nikipita."

Nasra akaanza kucheka, akajishika shavu kwa maumivu, akaendelea kucheka.

"Ziba, Sista," Ami akasema.

Nesi akavuta penseli kutoka kwenye nywele, akaenda mezani, akachukua fomu yangu na kifutio. Akafuta chai ya maziwa, akafuta siagi, halua, soda na rangi yake. Akapuliza vumbi la kifutio. Akaandika: uji wa chumvi.

"Ndiyo maana hii safu siiandiki kwa wino," akasema.

"Ulijua?"

"Mtoto wa soda nyekundu ana ulimi mwekundu. Wako ulikuwa na uji."

"Sasa mbona hukusema? Yangeng'olewa."

"Nilikupa mpaka maji yachemke," akasema. "Yangechemka, ningesema mimi." Akanisukuma nje kwa mkono mmoja, akamwingiza Nasra kwa mwingine.

Gego moja lilikuwa limekwenda mno, liling'olewa. Matatu yalizibwa. Fomu iliyosahihishwa Nesi aliipeleka kwa mwalimu mkuu Jumatatu. Hiyo haikusomwa hadharani.

Mengine yake ni madogo madogo, lakini ndiyo ninayoyachezea nikiwa kwenye kiti changu. Akiziba jino aliimba puani, na ungejua jino lina hali gani kwa wimbo: likiwa rahisi aliimba haraka, likiwa baya alivuta sauti mpaka mgonjwa anasahau. Hakuweza kutazama kuku akichinjwa, yeye aliyeshinda na koleo mkononi. Siku za sherehe shuleni alijifungia ofisini mpaka aambiwe tayari. Aliwasalimia watu kwa kuwatazama mdomo badala ya macho, na wapo mabwana waliodhani vingine. Na hakumsahau mtu aliyewahi kumchungulia kinywa, ingawa sura zilimpotea zote. Akikutana nawe sokoni unamwamkia, anakuitikia kama mgeni, mpaka ucheke. Hapo ndipo anakuita jina.

Miaka imepita, nami nimefanikiwa kwa kiwango changu. Nina mke, nina watoto watatu, na nina dirisha. Dirisha la ukumbini nimelifanya genge: soda, biskuti, juisi za pakiti, pipi kwenye kopo la plastiki. Nauza nikiwa nimekaa. Ni biashara iliyobuniwa na mtu anayekipenda kiti chake. Kitinda mimba wangu, Zuhura, ana miaka nane, na akitoka shule hukaa karibu yangu kunisaidia kurudisha chenji. Mwaka huu alianza kulia akila. Nikamwambia afungue mdomo kuelekea dirishani, mwanga ukaingia, nikahesabu mwenyewe. Manne. Yote kwenye magego.

Damu ya mtoto huyu ni ile ile yangu, ya chuma, niliyoihubiri mtaa mzima.

Nilimpigia simu Nasra. Duka la baba yake sasa ni lake. Halua bado ipo, lakini sinia ameipandisha juu kabisa ya kabati, yeye mwenyewe huifikia kwa kigoda, na watoto wake wamemaliza shule ya msingi bila tundu. Nikamweleza habari za Zuhura.

"Mpeleke kwa Nesi wa Meno akamwangalie," akasema. "Amestaafu, yupo Magomeni. Yeye atakwambia pa kwenda."

"Magomeni mbali."

"Mbali na wapi, Shomari? Na kiti chako?"

Tukapanda bajaji. Mke wangu alitoka mpaka barabarani kutusindikiza, nadhani kushuhudia.

Tulimkuta kibarazani, amekuwa mdogo, nywele nyeupe pe. Mbele yake kiti kilichogeuzwa kutazama jua. Watoto wa jirani wawili walikuwa wakiondoka wakijifuta midomo.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, baba. Karibu." Akanitazama kwa adabu ya mtu asiyekufahamu. "Nisamehe, sura zinanipotea."

Nikafungua mdomo. Akainamia, akachungulia, uso ukafunguka na meno yake yote ya kahawia yakatoka nje, hata moja halikukosa. Mimi nimeshapoteza mawili.

"Shomari wa uji," akasema.

Tukakaa. Kuna swali nililokuwa nimelibeba miaka yote hiyo, na sikuwa na uhakika nitatoka tena nyumbani, nikaliuliza palepale.

"Nesi, siku ile ya mkutano ulisimama. Wakakucheka. Mbona ulikaa?"

Alifikiri, akitazama mlango. "Mama yako alikuwa dawati la mbele," akasema. "Alikuwa amevaa kanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Alikuja kusikia habari za mwanawe. Ningesimamaje mbele ya watu wote niseme nyumbani kwake hakuna sukari?" Akapangusa kioo chake kwa upindo wa gauni. "Kucheka waache wacheke. Mimi nilishazoea."

Nilitaka kumshukuru, nikakuta maneno niliyoyaandaa kwenye bajaji yote yameshuka njiani. Nikasema, "Ahsante, Nesi." Akasema, "Mlete mtoto, jua linapanda."

Zuhura akakaa kitini, akafungua mdomo. Nesi akahesabu bila kuimba. Kisha akafungua daftari la shule alilokuwa amelichora safu kwa rula. Zilikuwa tatu: Jina, Meno Mabovu, Amekula Nini. Akavuta penseli kutoka kwenye nywele zake nyeupe.

"Umekula nini leo, mama?"

Zuhura akanitazama. Tulikuwa tumeongea njiani. Nilimwambia tunakwenda kwa mtu mkali sana.

"Muhogo wa kuchemsha," akasema. "Na maji."

"Toa ulimi."

Ulimi ulikuwa wa rangi ya chungwa mpaka kooni. Nesi akautazama kwa muda mrefu. Hakuandika. Wala hakumtazama Zuhura tena. Aliegemea ukuta, penseli mkononi, akawa anatazama barabara kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Si kweli," nikasema.

"Enhe."

"Kala biskuti. Kanywa juisi ya pakiti. Na pipi moja, ya njiani."

"Nani kampa?"

"Mimi, Nesi. Dirishani kwangu. Kila siku."

Akacheka, bega likatikisika. "Zamani ilikuchukua wiki mbili," akasema. "Umekua." Akamshika Zuhura kidevu. "Haya manne yanazibika yote. Ukienda zahanati kesho." Kisha akanigeuzia daftari na kunipa penseli. "Andika mwenyewe. Macho yangu yamechoka, na wewe ndiye mwenye duka."

Nikaandika: biskuti, juisi, pipi. Nikamrudishia. Akaliweka daftari mbali na macho, akasoma, akanisogezea tena.

"Hujamaliza."

Nikachukua penseli, nikaongeza mwishoni: kapewa na baba. Zuhura aliinama juu ya bega langu kusoma, kisha akamwuliza Nesi kama kifutio anacho.

"Ninacho. Dirisha likibadilika, tutafuta," Nesi akasema, akakiweka mezani, upande wangu.